Chambo au Lishe? Historia ya Mjadala wa Kuwinda Kulungu kwa Chambo Katika Majimbo ya Michigan na Wisconsin

1.0 Utangulizi

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, majira ya kupukutika majani yanapofika, baadhi ya wawindaji humwaga mahindi, karoti, matufaha na viazi sukari msituni, kisha hujificha na kumngoja kulungu mwenye mkia mweupe aje kula. Uhalali wa desturi hiyo umebishaniwa kwa miongo kadhaa baina ya wawindaji, wafugaji, wataalamu wa maradhi ya wanyama na wabunge. Makala hii inafuatilia mjadala huo katika majimbo ya Michigan na Wisconsin. Hoja yake kuu ni kwamba sheria ilitofautisha "chambo" na "lishe" kwa kigezo cha nia ya mtu, ilhali madhara yaliyokusudiwa kuzuiwa hayategemei nia hiyo. Hoja hii inawahusu watungasera na wanaisimu wa ukanda wetu, kwa kuwa tumo katika kipindi cha kuandika sheria kwa Kiswahili.

Neno "kulungu" limetumika hapa kwa mazoea ya wafasiri. Kwetu ni jina la swala wa vichakani. Mnyama wa Marekani ni wa familia nyingine, isiyo na mwenyeji wa asili Afrika Mashariki.

2.0 Kutoka Maadili hadi Maradhi

Mjadala ulianza kama suala la maadili. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na George Bird Grinnell, ilieneza wazo la uwindaji wa haki: mnyama awe huru, na awe na nafasi ya kweli ya kuponyoka. Wapinzani wa chambo walishikilia kwamba rundo la chakula humnyima mnyama nafasi hiyo. Watetezi walijibu kwamba mnyama aliyetulia akila humwezesha mwindaji kulenga vyema na kuua bila kumwacha majeruhi, na kwamba chambo humsaidia mzee au mtu mwenye ulemavu asiyeweza kufuata nyayo msituni. Mwaka 1935 serikali ya shirikisho ilipiga marufuku kuwinda bata na ndege wengine wahamao kwa chambo. Kulungu alibaki chini ya mamlaka ya majimbo, na kila jimbo likafuata njia yake. Texas, kwa mfano, inaruhusu chambo hadi leo katika ardhi ya watu binafsi.

Sura ya mjadala ilibadilika mwaka 1994, pale kulungu aliyeuawa na mwindaji kaskazini-mashariki mwa Michigan alipobainika kuwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba maambukizi yalikuwa yamekita katika kundi la porini. Marundo ya chakula yalishukiwa kwa sababu iliyo wazi: huwakusanya wanyama mahali pamoja, pua kwa pua, siku baada ya siku. Mwaka 1998 ugonjwa ulipatikana katika kundi la ng'ombe, na mwaka 2000 jimbo likapoteza hadhi ya kutokuwa na kifua kikuu cha ng'ombe, iliyokuwa nayo tangu 1979. Wafugaji ambao hawakuwahi kumwaga hata karoti moja msituni walilazimika kupimisha mifugo yao. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Wisconsin ilipata mshtuko wake mwaka 2002. Vipimo vya kulungu waliowindwa mwishoni mwa 2001 vilithibitisha maradhi sugu ya kukonda, yaliyoonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Husababishwa na prioni, hayana tiba wala chanjo, na prioni hizo hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi, kisha huweza kukaa udongoni kwa miaka. Jimbo lilipiga marufuku chambo na ulishaji mwaka huohuo. Baadaye bunge lilifinya marufuku hiyo ihusu wilaya zilizoathirika, na kwingineko likaruhusu galoni 2, yaani takriban lita 7 na nusu. Sheria ya mwaka 2017 iliongeza kwamba marufuku ya wilaya hukoma baada ya muda maalumu iwapo hakuna mgonjwa mpya aliyepatikana.

Michigan nayo iliyumba. Mwaka 2008 maradhi hayo yalipogunduliwa kwa kulungu wa kufugwa, chambo kilipigwa marufuku katika Rasi ya Kusini yote. Mwaka 2011 marufuku ikaondolewa. Mwaka 2015 maradhi yakapatikana kwa kulungu wa porini. Mwanzoni mwa 2019 marufuku ikarejeshwa. Bunge lilipitisha muswada wa kuifuta, lakini Gavana Gretchen Whitmer akaukataa mwishoni mwa mwaka huo.

3.0 Neno Ndani ya Sheria

Sheria ya Michigan hufasili chambo kuwa ni nafaka, chumvi, matunda, mboga na vyakula vingine viwezavyo kumvutia kulungu kwa ajili ya kusaidia uwindaji. Lishe hufasiliwa kwa orodha inayokaribiana nayo sana, ila kwa sababu nyingine yoyote isiyo uwindaji. Gunia lilelile la karoti basi hubadilika jina kulingana na moyo wa anayelimwaga. Fasili ya namna hii ilifaa mjadala wa maadili, ambamo nia ndiyo kiini. Mjadala ulipohamia kwenye maradhi, watunga kanuni walilazimika kushughulikia vitendo viwili kwa majina mawili, ingawa bakteria na prioni havitambui tofauti yake.

Watetezi wa chambo waliutumia mwanya huo kwa hoja nzito: kama kulungu hukusanyika pia chini ya mialoni na katika mashamba ya mahindi, kwa nini aadhibiwe mwindaji pekee? Jibu ni kwamba rundo hujazwa upya palepale, na mate ya wengi huishia padogo. Hata hivyo, jibu hilo linahusu mkusanyiko wa wanyama, halihusu nia.

4.0 Hitimisho: Funzo kwa Kiswahili cha Sheria

Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Katika ukanda wetu mifugo na wanyamapori hukutana kwenye maji na malisho, na kifua kikuu cha ng'ombe kimewahi kuthibitishwa kwa nyati wa Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Mwandishi wa sheria ya kudhibiti maradhi atakayechagua neno "chambo" ataingiza nia bila kukusudia, kwa kuwa chambo kwetu ni kitu cha ndoana na mtego. "Kulisha" nako kuna sauti ya wema, na ni vigumu mtu kuona kosa ndani yake.

Makala hii inapendekeza kwamba neno "chambo" libaki katika vifungu vya maadili ya uwindaji. Vifungu vya afya ya wanyama vitaje tendo na athari yake: kuweka chakula au chumvi mahali ambapo wanyamapori wanaweza kukusanyika, kwa sababu yoyote ile. Michigan na Wisconsin zimelipia somo hili kwa miaka mingi ya marufuku na kutenguliwa kwake. Sisi tunaweza kulipata tukiwa bado tunaandika.