Wasomaji wa Mazimbu na Ngumbaru wa Uluguru

Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini shamba kuukuu la mkonge huko Mazimbu, pembezoni mwa mji wa Morogoro, mahali ambapo safu ya Uluguru inaonekana wazi. Vijana waliofikia hapo walikuwa wameikimbia Afrika Kusini, wengi wao baada ya maasi ya Soweto yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976. Nyuma yao waliacha mfumo wa elimu uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1953 ili mtoto wa Mwafrika asomeshwe kiasi cha kuwa kibarua tu. Shule yao ilipewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22.

Hao hawakuwa wasomaji wenye utulivu. Walitumia majina ya bandia ili jamaa zao waliobaki nyumbani wasiandamwe na polisi. Malaria iliwasumbua. Januari 1981 majeshi ya makaburu yalishambulia nyumba za wenzao huko Matola, Msumbiji. Desemba 1982 ikawa zamu ya Maseru, Lesotho. Pamoja na hayo, Mazimbu kulikuwa na ratiba, maktaba iliyojazwa kwa vitabu vya misaada, walimu kutoka nchi mbalimbali, na mitihani iliyotungwa London. Wanahistoria wa shule hiyo hawakuficha ulevi, utovu wa nidhamu na hamu ya vijana kuacha madaftari wakashike bunduki. Na ni vyema hawakuficha, kwa sababu watakatifu hawatufundishi lolote kuhusu mazoea ya kusoma.

Anayeshindwa kusoma wakati wa dhiki kwa kawaida huambiwa hana nidhamu, au huambiwa akisoma tu dhiki itapungua. Dai hilo la pili limepata umaarufu kutokana na jaribio la mwaka 2009 linalohusishwa na Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, ambalo linasema dakika 6 za kusoma hupunguza msongo kwa asilimia 68. Jaribio lilihusisha watu wachache, lakini asilimia hiyo imezunguka dunia nzima. Hata lingekuwa thabiti, lisingejibu swali gumu zaidi: aliyeelemewa na mawazo atazipataje hizo dakika 6? Mazimbu inatoa jibu lisilo la kupendeza sana. Mazoea ya mtu binafsi hubebwa na mambo yaliyo nje yake: saa iliyotengwa, taa inayowaka, kitabu kilicho karibu, na mtu atakayeuliza, "Umefika wapi?" Vikiondoka hivyo, moyo peke yake hauendi mbali.

Mwalimu Nyerere huweza kutajwa kama pingamizi. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*, ilitoka mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Kati ya tafsiri hizo mbili kulikuwa na maasi ya jeshi, Muungano na Azimio la Arusha. Hakika alikuwa na bidii ya pekee, lakini pia alikuwa msomaji mwenye kalamu mkononi, mwenye kazi yenye mwisho unaoonekana. Tena Ikulu haikosi mafuta ya taa.

Ushahidi mzito zaidi umo vijijini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata ngumbaru, kama walivyoitwa wanafunzi wa kisomo, walikalia madawati ya watoto wao kote nchini, vijiji vya Uluguru vikiwemo. Vitabu vya kisomo chenye manufaa viliandikwa juu ya kazi walizozijua: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Takwimu rasmi za wanaojua kusoma zilipanda hadi asilimia 61 mwaka 1975, 73 mwaka 1977 na takribani 90 mwaka 1986. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta takribani 69. Vipimo havikuwa vya namna moja, kwa hiyo tofauti yote isihesabiwe kuwa ni usahaulifu. Hata hivyo, mwelekeo wake unaeleweka. Vita kati ya Tanzania na Uganda vilimalizika mwaka 1979 na kuacha hazina tupu. Karatasi ikawa adimu, mafuta ya taa yakawa adimu, madarasa ya jioni yakapungua. Mkulima aliyehitimu kisomo akabaki na ujuzi usio na cha kusomwa. Kumwita mvivu ni kumdhulumu.

Wakati huohuo, palipokuwa na kikao cha kila wiki, usomaji uliendelea: darasa la Kurani, ibada ya Jumapili, jumuiya ndogondogo za Kikristo. Wapo watakaosema huko si kusoma kwa hiari. Pengine. Lakini mtu mzima anayefungua maandishi yaleyale kila juma, akiwa amefiwa au ameuguliwa, na kando yake wapo wenzake wanaofuatilia mstari, ana kitu ambacho msomaji wa mjini mwenye rafu iliyojaa huenda hana.

Shule ya Mazimbu ilifungwa mwaka 1992, na majengo yake sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka mmoja kabla, maktaba ya chuo hicho ilipewa kisheria hadhi ya Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Kwa mwanafunzi wa chuo, basi, masharti yale ya saa, taa, kitabu na mtu wa kuuliza yapo. Mkulima wa Mgeta, huko Uluguru, anayeshusha kabichi sokoni Morogoro alfajiri na kurudi mlimani kabla ya jua kuwa kali anahitaji mpango mwingine: vitabu vichache vinavyokaa kijijini, kwa mtu anayefahamika, vinavyoazimwa jioni na kujadiliwa siku ya mapumziko. Gharama yake haifikii ya jengo jipya la maktaba mjini, ingawa mpango wa namna hiyo hauna utepe wa kukatwa na mgeni rasmi.