Spitfire Dhidi ya Spitfire: Safari ya Silaha Baada ya Vita, 1945–1949

Orodha ya mataifa yaliyopewa Spitfire na Uingereza haitoshi kueleza ndege hizo ziliishia mikononi mwa nani. Chekoslovakia ilizipata mwaka 1945, pamoja na marubani wake waliopigana chini ya Jeshi la Anga la Uingereza. Mwaka 1948 serikali mpya ya Kikomunisti ikaziuza kwa Israeli. Misri ilikwisha kuwa na zake.

Tarehe 22 Mei 1948, Spitfire za Misri zilishambulia kiwanja cha Ramat David, kikidhaniwa kuwa cha Waisraeli. Kumbe Waingereza walikuwa hawajaondoka, nao wakapaa na Spitfire zao wakaziangusha kadhaa. Tarehe 7 Januari 1949 zamu ikawa yao: Spitfire zao nne zilizotumwa kupeleleza mpaka wa Misri na Israeli hazikurejea. Moja ilidunguliwa kutoka ardhini, tatu na Spitfire za Israeli. Mmoja wa marubani walioziangusha, Mkanada John McElroy, alikuwa ameilinda Malta kwa Spitfire mwaka 1942, akiwa upande wa Waingereza.

Katika miaka ya 1950 Israeli nayo iliuza baadhi ya zake kwa Burma.