Debian: mradi wa kompyuta uliojiandikia katiba

Debian, mfumo endeshi unaotumika kwenye seva nyingi duniani, ulitangazwa Agosti 16, 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Mwanzoni karibu kila jambo lilipitia kwake. Machi 1996 alimwachia uongozi Bruce Perens. Wachangiaji walikuwa wakiongezeka, wengi wao hawajawahi kuonana, na neno la mtu mmoja halikutosha tena kuwaweka pamoja.

Julai 1997 ukapitishwa Mkataba wa Kijamii. Mradi uliwaahidi watumiaji kwamba utabaki huria na kwamba hautaficha kasoro zake: taarifa ya hitilafu, hata ikitoka kwa mtumiaji wa kawaida, huwekwa hadharani isomwe na yeyote. Vigezo vya uhuru vilivyoambatana na mkataba huo ndivyo vilivyozaa, mwaka 1998, fasili ya programu huria ya Open Source Initiative.

Katiba ilifuata Desemba 1998. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka, ila madaraka yake yamebanwa kwa makusudi: hawezi kumlazimisha mtu kazi asiyoitaka, mradi mtu huyo asiwahujumu wenzake. Mpiga kura huwapanga wagombea kuanzia anayempenda zaidi, kisha hulinganishwa wawili wawili. Kura ina pia chaguo la kuwakataa wote. Mgombea asiyelishinda huanguka, hata akiwa peke yake. Nchi kadhaa zingefaidika na kipengele hicho.

Kuingia nako si rahisi. Kwa desturi, mwombaji hukutana ana kwa ana na mwanachama, akatoa pasipoti au kitambulisho, ndipo ufunguo wake wa kidijitali ukasainiwa. Baada ya hapo huulizwa maswali kuhusu mkataba na kupimwa ujuzi.

Utaratibu huu wote wa kujitawala ulitikiswa mwaka 2014 na systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma kompyuta inapowaka. Februari, kura za kamati ya kiufundi ya mradi kuhusu kuifanya chaguo-msingi zilifungana, mwenyekiti akaipitisha kwa kura yake ya ziada. Ugomvi haukuisha, baadhi ya wanakamati walijiuzulu. Novemba wanachama wote walipiga kura, na chaguo lililoshinda likasema azimio halikuhitajika kabisa. Baadhi ya wasioridhika walichukua msimbo uleule, kama leseni inavyoruhusu, wakaanzisha Devuan, uliotoa toleo lake thabiti la kwanza mwaka 2017.