Signal (programu)

Signal ni programu huria ya simu na kompyuta inayotumika kutuma ujumbe, picha na sauti, pamoja na kupiga simu kupitia intaneti. Inatolewa bure na Signal Foundation, shirika lisilo la kibiashara la nchini Marekani. Haina matangazo, gharama zake hutegemea michango.

Historia

Mwaka 2010 kampuni ya Whisper Systems, iliyoanzishwa na Moxie Marlinspike na Stuart Anderson, ilitoa programu mbili za Android: TextSecure kwa ujumbe na RedPhone kwa simu. Twitter iliinunua kampuni hiyo mwaka 2011. Signal yenyewe ilitolewa kwa iPhone Julai 2014, na mwaka uliofuata TextSecure na RedPhone ziliunganishwa kuwa Signal ya Android. Signal Foundation iliundwa mwaka 2018 na Marlinspike pamoja na Brian Acton, mmojawapo wa waanzilishi wa WhatsApp, aliyeipatia dola milioni 50 za kuanzia.

Usiri

Ujumbe hufumbwa kwenye simu ya mtumaji na kufumbuliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Seva iliyo katikati hupitisha maandishi isiyoweza kuyasoma. Funguo hubadilika kadiri mazungumzo yanavyoendelea, hivyo anayeiba ufunguo mmoja hapati mazungumzo yote yaliyopita.

WhatsApp nayo hutumia utaratibu huohuo tangu 2016, kwa hiyo kwa yaliyomo ndani ya ujumbe tofauti si kubwa kama wengi wanavyodhani. Tofauti kubwa iko kwenye kumbukumbu za nani aliwasiliana na nani na lini. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka watengenezaji wa Signal kutoa taarifa za mtumiaji. Walichoweza kutoa ni tarehe ya kufungua akaunti na ya kuunganishwa mara ya mwisho, kwa kuwa hawakuwa wametunza kingine.

Mipaka

Kujiandikisha kunahitaji namba ya simu. Katika nchi kama Tanzania na Kenya laini husajiliwa kwa kitambulisho, hivyo namba humtambulisha mwenyewe. Tangu 2024 mtumiaji anaweza kuficha namba yake na kutoa jina la mtumiaji badala yake, lakini usajili bado unaitaka.

Anayeishika laini anaweza kupokea msimbo wa usajili na kuichukua akaunti. Hatari hii ilionekana Agosti 2022, kampuni inayotuma misimbo hiyo, Twilio, ilipovamiwa na namba zipatazo 1,900 za watumiaji wa Signal kuguswa. Wavamizi hawakupata ujumbe wa zamani, kwani hukaa kwenye simu. Kinga iliyopo ni kufuli la usajili, linalodai PIN kabla ya kusajili namba upya. Halifanyi kazi mpaka mtumiaji aliwashe mwenyewe, na huisha baada ya siku 7 za kutotumia programu.

Akaunti ikihamia simu nyingine, wenzake huona taarifa kwamba namba ya usalama imebadilika. Mara nyingi sababu ni simu mpya tu. Njia ya kuhakikisha ni kuonana, au kupiga simu na kusomeana tarakimu 60 za namba hiyo.

Signal haimlindi mtu ambaye simu yake imeshikwa ikiwa haijafungwa, wala haizuii mpokeaji kuupiga picha ujumbe uliowekwa ujifute.