Safu ya Lugha: Pruufu

Wapo wakusanyaji wa sarafu wanaodhani “pruufu” maana yake ni sarafu isiyo na dosari. Sivyo. Neno hilo hutaja namna sarafu ilivyotengenezwa, si hali iliyonayo leo: mihuri na vipande vya madini hung'arishwa kwanza, kisha kila kipande hugongwa zaidi ya mara moja ili picha ijitokeze barabara.

Chukua shilingi ya Tanzania ya 1966 iliyotoka kwenye seti za pruufu, yenye kichwa cha Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Ishike ukingoni, uiinamishe chini ya taa. Sehemu tupu inaakisi kama kioo. Ukiona michirizi myembamba kama unywele, mtu aliwahi kuifuta kwa kitambaa, na thamani imeshuka.

Kwa hiyo “pruufu iliyochakaa” ni usemi sahihi kabisa. Katika kipimo cha hali ya sarafu, cha 1 hadi 70, hata yenye alama chini ya 60 hubaki pruufu. Na sarafu iliyosafishwa si lazima iwe sarafu safi.