Mpaka wa Kisanduku: Historia ya Mgogoro wa Kipimo katika CSS, 1996–2013

Mwanagenzi wa lugha ya CSS aghalabu hufundishwa mpaka kana kwamba ni pambo tu: achague unene, mtindo na rangi, kisha aandike "border: 5px solid black". Makala hii inatetea hoja kwamba mtazamo huo unaficha suala la msingi. Mpaka ni sehemu ya hesabu ya kisanduku. Kwa miaka kadhaa, vivinjari vilitofautiana iwapo unene wake umo ndani ya upana uliotajwa au unaongezwa juu yake.

Pendekezo la awali la CSS lilitolewa na Håkon Wium Lie mnamo Oktoba 1994, alipokuwa CERN. Baadaye alishirikiana na Bert Bos, na toleo la kwanza likaidhinishwa na W3C tarehe 17 Desemba 1996. Toleo hilo lilikiona kila kipengele cha ukurasa kuwa kisanduku chenye maudhui, nafasi ya ndani, mpaka na nafasi ya nje. Aidha, liliweka "none", yaani bila mstari, kuwa thamani ya awali ya mtindo wa mpaka. Ndiyo maana mwanafunzi anayetaja unene na rangi pekee haoni mstari wowote. Msimbo wake hauna kosa la tahajia, ila hakutaja mtindo.

Kwa mujibu wa toleo hilo, upana hupima maudhui peke yake. Tuchukue kisanduku chenye upana wa pikseli 300, nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5 kila upande. Kisanduku hicho huchukua pikseli 350 kwenye skrini. Hata hivyo, Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu yote ndani ya zile 300, na maudhui yakabakiwa na pikseli 250. Ukurasa mmoja ukawa na sura mbili, na waundaji wakalazimika kubuni hila za msimbo ili kuvipatanisha vivinjari.

Mwaka 2001, Internet Explorer 6 ilifuata kanuni ya W3C, mradi ukurasa uanze na tamko sahihi la aina ya hati. Kwa kigezo cha kanuni, shauri lilikuwa limekwisha. Kwa kigezo cha matumizi, halikuwa limekwisha. Seremala aliyeagizwa kabati la upana wa sentimita 90 hupima pamoja na mbao za ubavuni. Hesabu iliyokataliwa ilikaribiana na mazoea hayo. CSS3 ilitambua hali hiyo kwa kuleta sifa ya "box-sizing", inayomwachia mwandishi achague kipimo. Bootstrap 3 ilipotoka mwaka 2013, ilichukua "border-box", yaani upana unaojumuisha mpaka, kuwa chaguo lake la kawaida.

Hivyo basi, hesabu iliyowahi kuhesabiwa kuwa hitilafu ilirejea kama chaguo halali. Funzo kwa ufundishaji ni bayana: mwanagenzi ambaye kisanduku chake kimevuka ukingo wa ukurasa asiambiwe tu kwamba amekosea. Aelezwe kwamba kanuni anayoitumia ilikuwa uamuzi wa watu, na kwamba uamuzi mwingine uliwezekana.