Orodha ya Majina na Sura ya Jirani



Ipo filamu fupi ya mwaka 2010 iitwayo Na Wewe. Iliongozwa na Mbelgiji Ivan Goldschmidt, na mwaka 2011 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizowania tuzo ya Oscar. Wewe unayejifunza Kiswahili huhitaji kutafsiriwa jina lake. Kisa chake kinatokea Burundi mwaka 1994: basi dogo linasimamishwa njiani na watu wenye silaha, abiria wanateremshwa, kisha inatolewa amri kwamba Wahutu na Watutsi watengane. Hapo ndipo mambo yanapowaharibikia wauaji, kwa maana kila abiria anapoulizwa yeye ni nani, jibu lake haliingii sawasawa katika mafungu hayo mawili.

Hilo halikubuniwa kwa ajili ya filamu tu. Wahutu na Watutsi wa Burundi husema lugha moja, Kirundi. Wameishi katika vilima vilevile na kuoana. Uso wa mtu haukuhakikishii asili yake. Aliyetaka kuwatenga watu hao alihitaji chombo kingine, na chombo hicho kilikuwa orodha.

Tarehe 29 Aprili 1972, waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Michel Micombero ililipiza kwa kuwasaka hasa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, askari, wanafunzi. Majina yalisomwa madarasani na maofisini. Walioitwa walichukuliwa, na wengi hawakurudi tena. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1947, waandishi wa filamu walioshukiwa kuwa wakomunisti walitiwa katika orodha, wakanyimwa kazi. Burundi, orodha ilimnyima mtu uhai wake.

Sasa njoo nami hadi Bwiza, mtaa wa Bujumbura unaopakana na Buyenzi, ambako Kiswahili husikika kila kona. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, Watutsi wengi waliuawa vijijini, Wahutu wengi nao wakauawa na jeshi, na vita vikaanza. Mitaa ya jiji ikagawanyika mmoja baada ya mwingine, lakini Bwiza na Buyenzi zilibaki na watu mchanganyiko hadi mwezi Machi 1995. Ndipo mashambulizi yalipowafukuza wakazi wa Kihutu. Watu waliokuwa wakisalimiana asubuhi kwa Kiswahili, lugha isiyouliza kabila la msemaji, walitenganishwa kwa siku chache tu.

Baada ya mauaji hufuata jaribu jingine, nalo ni kusahau kwa amri. Kwa miaka mingi, jamaa za waliouawa mwaka 1972 hawakuweza kuomboleza hadharani. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliundwa mwaka 2014, na mapema mwaka 2020 ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, mkoani Karuzi. Humo yalipatikana mabaki ya watu zaidi ya 6,000, pamoja na nguo, miwani na rozari. Vitu hivyo vidogo viliwasaidia jamaa kuwatambua baadhi ya wapendwa wao. Orodha ya mwaka 1972 ilimgeuza mtu kuwa jina la kufutwa. Miwani iliyotoka ardhini ilimrudisha kuwa baba wa fulani.

Kwa hiyo, msomaji wangu, siku utakapoombwa kutaja majina ya "wale", uliza kwanza majina hayo yatafanyiwa nini. Kisha likumbuke jina la filamu ile. Orodha ya namna hiyo haikosi nafasi ya jina jingine, na anayeishika leo hajui ni nani ataishika kesho.